Tathmini: Mota ya Fezi Tatu Iliyong'olewa kwenye Randa Kuukuu, Gerezani

Karakana moja ya Gerezani, jijini Dar es Salaam, huuza mota zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu za useremala, na mojawapo sasa inaendesha msumeno wangu wa meza. Mota yenyewe ninaisifu. Namna inavyouzwa, sivyo kabisa, kwani muuzaji humtajia mteja hospawa na bei tu, ilhali hospawa ndilo jambo la mwisho la kuuliza.

Lawama yangu ya kwanza ni rangi. Mota zote zimepakwa kijani kibichi ili zionekane mpya, na rangi hiyo imefunika vibati vya maelezo, ambavyo ndivyo cheti pekee cha mota. Changu kilipofutwa kwa thina kilisomeka vizuri: kilowati 2.2, volti 230/400, hezi 50, mizunguko 1420 kwa dakika. Kibati kikiwa kimepotea, rula husaidia, kwa sababu katika mota za vipimo vya kimetriki kimo kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti ndicho namba ya fremu, yaani ukubwa wa bodi ya mota. Kwa hiyo milimita 100 pamoja na shafti ya milimita 28 ni fremu ya 100, ambayo kwa mota ya mizunguko inayokaribia 1500 huwa kwa kawaida ya kilowati 2.2 au 3. Mota za Uingereza za zamani zaidi zilipimwa kwa inchi, na kanuni hiyo haizihusu.

Kilichonifanya nilipe ni kile kilichokuwa ndani ya kisanduku cha nyaya: boliti sita, moja kwa kila ncha ya koili, na vipande vitatu vya shaba vya kuziunganisha. Mota ya volti 230/400 yenye ncha sita hufungwa kwa sta (ncha tatu zikikutanishwa pamoja) inapopewa umeme wa fezi tatu wa volti 400, na hufungwa kwa delta (koili zikiungana kama pembetatu) inapoendeshwa na inveta, kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti hizo hizo. Kwa karakana ndogo ambayo haijavutiwa fezi tatu, uwezekano huu wa pili ndio unaoipa mota kuukuu thamani yake. Mota iliyoandikwa volti 400/690 ikitegemea inveta hiyo itazunguka kwa unyonge na kushindwa kupasua mbao ngumu, na yenye ncha tatu tu imefungwa kwa ndani, hivyo fundi wa kusuka mota atalazimika kuifungua na kutoa ncha nyingine tatu.

Rafu zile zile zilikuwa na mota za volti 200 kutoka Japani, ambazo umeme wetu wa volti 400 utaziunguza, na muuzaji alizichanganya na nyingine bila alama yoyote. Mnunuzi ajihadhari pia na mota za mashine za kasi kubwa zilizoandikwa hezi 200 au 300, kwani zilitengenezwa kutumia kibadilisha-hezi na haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye hezi 50. Alama ya S6 ikifuatiwa na 40% ina maana kwamba mota hubeba mzigo kwa asilimia 40 tu ya kila kipindi, kwa kawaida dakika 4 katika kila 10, na muda uliobaki huzunguka bila mzigo. Kwa msumeno inatosha, lakini anayekusudia kusaga unga kutwa nzima aiache mahali pake. Yangu imeandikwa S1, yaani kazi ya mfululizo.

Hali yake ilikuwa nzuri kuliko ilivyoonekana kwa nje. Vumbi la mbao lilikuwa limeziba matundu ya kifuniko cha feni, na grisi ya beringi ilikuwa imekauka kabisa. Nilifunga beringi mpya namba 6206 zilizozibwa pande zote mbili, maana zilizo wazi hazifai penye vumbi. Kipimo cha mega (kifaa cha kupima kama koili zinavujisha umeme) cha volti 500 kati ya koili na bodi kilionyesha zaidi ya megaomu 20, ambapo chini ya 1 mota hairuhusiwi kuwashwa kabla ya kukaushwa. Kwa puli inayozidisha mzunguko mara mbili, diski ya milimita 300 inapata kasi ya takribani mita 45 kwa sekunde ukingoni, na mninga mkavu unapasuka bila mota kulalamika.

Karakana haina mega, na muuzaji huwasha mota bila mzigo kwa sekunde chache kisha huita hicho kipimo. Hata hivyo hakunizuia kufungua kisanduku wala kuzungusha shafti kwa mkono, na alikubali kwa maandishi nimrudishie ndani ya wiki moja iwapo koili zingevuja. Bei ilikuwa chini ya nusu ya mota mpya ya nguvu hiyo, beringi zikiwa ndani ya hesabu. Mota naipa nne kati ya tano. Muuzaji naye anapata mbili, na ya tatu ataipata siku atakapoacha kupaka rangi vibati.