Usiku wa kuwinda mizuka kwenye makumbusho ya ndege: wao wana wafu, mimi nina siasa

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee wa kujitolea aliyekuwa akichemsha chai. Kampuni isijidai. Nimeiandika hapa juu kabisa kabla sijaanza kulainika, maana najijua.

Anayetaka kujua bei, saa na maegesho, tovuti ipo. Mimi nina jambo moja tu kifuani, sentensi moja niliyoambiwa gizani mbele ya watu, tena kwa tiketi niliyoilipia kwa pesa za zamu za usiku.

Kwa mlio nyumbani ambao hamjawahi kusikia mambo haya: hapa Uingereza kuna kampuni zinazokodi majengo ya zamani usiku, magereza, kasri, hospitali zilizofungwa, kisha zinawauzia watu nafasi ya kukaa gizani wakitafuta mizuka. Ni biashara kamili. Na upande huu wa mashariki, kuanzia Yorkshire kushuka hadi Suffolk, Vita vya Pili vya Dunia viliacha viwanja vya ndege vya kijeshi katikati ya mashamba kila upande, na baadhi yake leo ni makumbusho. Wenzangu wa kazini wakasema twende, mmoja wao anatimiza miaka. Sikutaka kuwa yule mtu anayekataa kila kitu.

Nitaje pia kwamba sikuenda kucheka imani ya mtu. Hugh Dowding, jenerali aliyeongoza vikosi vya ndege vilivyoilinda nchi hii mwaka 1940, aliamini waziwazi kwamba anapata habari kutoka kwa marubani waliokufa, na hakuwa mtu wa kupigapiga domo. Kama yeye aliamini, mimi ni nani nimkejeli mtu mwenye tochi? Ila Dowding aliwajua wale vijana. Aliwatuma yeye mwenyewe.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamume mchangamfu, fulana nyeusi yenye nembo ya kampuni, redio ya mkononi kiunoni, kila mtu kwake ni "mpenzi". Tukapangwa duara ndani ya hanga, ndege zimetuzunguka, taa zikazimwa. Hapo nakiri ilipendeza. Bati la hanga usiku hupoa na kulia lenyewe, kuna harufu ya mafuta ya zamani na rangi, na pua ya ndege ikikutazama kwa juu gizani unasahau kwamba ulikuja kwa mzaha. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa mtoto.

Kisha vifaa vikatoka. Kuna kidude cha taa tano, kijani hadi nyekundu, kinachopima nguvu za umeme na sumaku zilizo hewani, nacho tuliambiwa mzuka ukikaribia kitawaka. Kiliwaka sana. Kiliwaka kila wakati kiongozi alipobonyeza redio yake kuongea na mwenzake wa jengo la pili. Nilimwona kwa macho yangu. Kuna mipira midogo ya kuchezea paka, ile inayotoa mwanga ikiguswa, akaipanga juu ya bawa la ndege kwa heshima kama anaweka sadaka. Nje kuna barabara kuu. Lori likipita, sakafu inatetemeka, mpira mmoja unatoa mwanga, na kiongozi anauliza kwa sauti ya chini, "Ni wewe, Sajenti?" Lori la pili, Sajenti tena. Kufikia usiku wa manane Sajenti alikuwa amejibu maswali kuhusu mama yake, mbwa wake na mchumba wake, yote kwa msaada wa malori yaliyokuwa yakipita na mizigo yao.

Hayo ningeyasamehe. Kwa kweli nilikuwa nimeshayasamehe, ni burudani, na biskuti zilikuwepo.

Usiku ukakwama. Malori yakapungua. Kiongozi akaona watu wanapiga miayo, akatoa hadithi yake kubwa: bombari, yaani ndege ya kudondosha mabomu, aina ya Avro Lincoln iliyoko kwenye makumbusho ya jeshi la anga huko Cosford, ambayo tangu zamani watu wanadai ina mzuka wa rubani, na wapelelezi wa mizuka waliacha kinasa sauti ndani yake usiku kucha. Anasimulia vizuri, simnyimi haki yake. Alichokiruka ni kwamba Lincoln zilianza kutumika vita vikiwa vinaisha, kwa hiyo hazikuwahi kupigana na Ujerumani hata siku moja. Ila ziliwahi kupigana. Mtu wa Nyeri hahitaji kufundishwa zilipigana wapi.

Hapo ndipo tochi ikaniangukia usoni.

"Wewe mpenzi, unatoka wapi?"

Leicester, nikasema.

"Hapana, hasa hasa."

Kenya.

Akapiga makofi. "Basi! Ninyi watu mko karibu na mambo haya kuliko sisi. Hebu waite kwa lugha yako. Ile ya kwenu kabisa. Huenda ndiyo nguvu wanayoingoja."

Jamani. Nimelelewa kanisa la PCEA, Wapresbiteri, shule ya Jumapili hadi kwaya, na kwetu mtu aliyethubutu kuita wafu aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nimepanda ndege nikavuka bahari, nimesomea uuguzi, nimefika kwenye hanga la wazungu, ndipo naambiwa niwe mganga! Wenzangu wawili wakacheka, yule wa siku ya kuzaliwa akayatazama viatu vyake. Nikajaribu kulipitisha kwa utani. Nikamwambia hao vijana walikuwa Waingereza, Wakanada, Waaustralia, Wapolandi, Kiswahili watakielewea wapi? Watu wakacheka na mimi safari hii. Angeishia hapo, nisingekuwa naandika.

Hakuishia. "Usione haya, mpenzi. Waafrika hamuogopi mizuka, si ndiyo? Na hawa pengine hawajawahi kusikia Mwafrika akiwasemesha."

Nikajibu. Sikupaza sauti, nina mazoea ya kuongea na wagonjwa wakali. Nikamwambia kwamba hizo Lincoln anazozisimulia ziliruka kutoka Eastleigh, Nairobi, pale penye kambi ya jeshi la anga hadi leo, kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, zikamwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwatafuta Mau Mau. Kwamba cucu wangu, bibi yangu, alikuwa msichana katika kijiji cha waliohamishwa kwa nguvu, kando ya msitu, na alikuwa akituambia jinsi vikombe vya bati vilivyogongana kwenye ukuta wa udongo mlio ulipofika. Kwamba kama ni kuita wafu wa ndege ile kwa lugha ya kwetu, hao ninaowajua hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa chini yake.

Kimya. Sasa, hicho kilikuwa kimya cha kweli, cha kwanza usiku ule. Na yeye akasema, kwa upole kabisa, kama anayemwondolea mtoto kisu:

"Sawa, mpenzi, lakini tusilete siasa. Tunavuruga nguvu za chumba."

Ndiyo hiyo sentensi.

Nimeigeuza kichwani nikiosha vyombo, nikiwa kwenye basi, nikimfunga mgonjwa bendeji. Masaa matatu tulikuwa tukimwuliza kijana aliyekufa kwa moto kama anamkumbuka mama yake, kwa kutumia mpira wa paka, na hilo si siasa. Wa kwetu wakitajwa, chumba kinavurugika. Angalau angenyamaza tu! Angalau angesema sikujua, pole. Alichosema ni kwamba tuhamie jengo linalofuata.

Sikuhamia. Nilikwenda kwenye meza ya chai, na hapa ndipo hukumu yangu inaanza kuniponyoka.

Kumbe makumbusho yenyewe hayana uhusiano na kampuni ile zaidi ya kuwakodishia jengo, pesa zinasaidia kulipia bati na rangi. Aliyekuwa kwenye chai ni mzee wa kujitolea, fundi wa ndege mstaafu, aliyebaki usiku ule kuhakikisha hakuna mtu anayekanyaga asichopaswa kukanyaga. Alikuwa amesikia yote. Hakusema pole, hakunishika bega, alinimiminia chai nzito yenye maziwa kama ya kwetu, kisha akaniuliza kama ninamjua Johnny Smythe. Simjui. Akanieleza: kijana wa Freetown, Sierra Leone, nevigeta wa bombari, alidunguliwa juu ya Ujerumani Novemba 1943, akakaa kambi ya mateka hadi vita vikaisha, akasomea sheria na kurudi kwao akawa Mwanasheria Mkuu wa serikali. "Huyo bwana anasema vijana wetu hawajawahi kusemeshwa na Mwafrika," mzee akasema akielekeza kidole gizani. "Smythe ndiye aliyekuwa akiwaonyesha njia ya kurudi nyumbani."

Akachukua tochi yake, akanipeleka kwenye kona ambayo ratiba ya mizuka haikuigusa, penye kibanda cha mpiga bunduki wa mkiani kilichong'olewa kwenye bombari na kuwekwa juu ya stendi. Ukubwa wake ni kama pipa la maji lililowekewa vioo. Kijana anaingia humo miguu ikiwa imekunjwa, mgongo kwa wenzake, anatazama kule ndege inakotoka kwa masaa saba, masaa manane, peke yake. Parachuti haikutoshea, iliachwa nyuma yake ndani ya mwili wa ndege, kwa hiyo ndege ikiwaka ilimbidi afungue milango, aipapase, aivae, ndipo aruke. Wengine waliondoa kioo cha mbele kabisa ili waone vizuri zaidi, na baridi ya huko juu inagandisha pumzi. Mzee alinionyesha mahali ambapo rangi ya mshikio wa bunduki ilikuwa imelika hadi chuma kikang'aa, kwa vidole vya glavu. Nilitaka kuugusa. Akasema gusa.

Akaniambia hesabu. Wafanyakazi wa ndege za bombari walikuwa kama 125,000, na waliokufa ni 55,573. Wengi wao walifia Ujerumani, Uholanzi, baharini. Hapa hangani hawakufia, hapa walikunywa chai. Kwa nini mzuka wa mtu aliyeungulia Berlin uje kukaa kwenye hanga la bati kusubiri tiketi za Jumamosi, hilo hakuna aliyemwuliza kiongozi.

Kwa hiyo nikitoa nyota kwa haki: mahali ni nyota tano. Mzee ni nyota tano, na chai yake sita. Hata usiku wenyewe, nikiwa mkweli, yale masaa ya kwanza nilifurahi, na kuna wakati nikiwa peke yangu kwenye kile kibanda nilisikia kitu kikibisha mara mbili nyuma yangu, karibu sana, na hapakuwa na lori. Mzee alisema ni bati. Sijui. Nusura nipandishe hadi nyota tatu.

Kisha nikaandika malalamiko, na kampuni ikajibu. "Tunasikitika ikiwa ulihisi hukustarehe." Ikiwa! Wakaendelea kunieleza kwamba kiongozi wao ana uzoefu wa miaka mingi na "alikusudia kuheshimu urithi wako". Urithi wangu. Mwishoni wakanitumia kuponi ya nusu bei ya usiku mwingine kwenye gereza la zamani, kiongozi yule yule. Nyota moja, imerudi ilikokuwa, haitoki.

Ushauri wangu, nendeni kwenye makumbusho haya mchana. Mlipe kiingilio cha kawaida, mtafute mzee yeyote mwenye beji ya kujitolea, mumwombe awaonyeshe anachokipenda yeye. Bebeni soksi nzito, hanga la ndege halina huruma hata mwezi wa tano. Usiku mwaachie wenye mipira yao.

Lakini kuponi ninayo bado. Dada yangu anakuja kutoka Nyeri kutembea, nimemsimulia yote kwa simu, nikidhani atakasirika pamoja nami. Amecheka hadi akakohoa. Anasema tusiipoteze nusu bei, twende wote wawili, na huyo bwana akiuliza tena nani atawaita kwa lugha ya kwetu, yeye ameshachagua wimbo wa kanisani wenye beti nane, atauimba wote kwa sauti ya kwanza, na siasa atakuwa ameileta yeye. Kuponi inaisha mwezi ujao. Sijamjibu.