Mikanda ya kufungia turubai la boti: uzoefu wangu wa njiani

Turubai langu la kwanza lilichanika boti ikiwa kwenye trela, na mwanzoni nililaumu kitambaa. Nilipolitandaza chini na kulikagua vizuri nikaona kitambaa ni kizima. Kilichofumuka ni mshono wa pindo upande wa omo, yaani mbele ya boti, palepale nilipokuwa nimetia kulabu za mipira ya kufungia mizigo. Mpira hurefuka, ndiyo kazi yake. Upepo ukishapenya chini ya pindo, turubai hujaa kama tanga, mpira hulirudisha, linajaa tena, hivyo hivyo safari nzima. Ubavuni mwa boti pindo lilikuwa limesugua rangi na kuacha mstari uliofifia, upana wa kidole. Tena kulabu ya mpira ikifyatuka unapoivuta inaweza kukutoboa jicho. Mipira sitaki kuiona tena karibu na turubai.

Nikahamia kwenye mikanda ya racheti, ile mipana ya kufungia mizigo mizito, inayokazwa kwa kusukuma mpini. Hiyo nayo nguvu zake zinapita kazi yenyewe. Ukisukuma mpini mara mbili tatu zaidi, mkono wako hausikii tofauti, lakini kitanzi cha turubai kinaisikia: vitanzi viwili vilianza kung'oka, uzi mmoja mmoja. Racheti sasa nazitumia kufunga boti yenyewe kwenye trela, na huko zinafaa sana. Kazi hizi mbili zisichanganywe kabisa. Mikanda ya turubai haishikilii boti, hata iwe mingi kiasi gani.

Ninayoitumia sasa, na ninayoipendekeza kwa moyo wote, ni mikanda ya poliesta yenye upana wa milimita 25 na bizimu ya kubana. Unapitisha utepe, unauvuta kwa mkono, meno ya bizimu yanaushika. Huwezi kukaza kupita nguvu za mkono wako, na turubai halihitaji zaidi ya hapo. Linatakiwa litulie lisipepee, basi. Niliwahi kujaribu ya nailoni pia: niliifunga ikiwa kavu, mvua ikanyesha njiani, nikaikuta imelegea, kwa sababu nailoni hurefuka ikilowa. Poliesta hurefuka kidogo sana, na jua inalistahimili vizuri.

Boti yangu ina urefu wa mita 5, nami hutumia mikanda 10, mitano kila upande, kutoka kwenye vitanzi vya turubai hadi kwenye fremu ya trela. Nasema fremu, si ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu, wala springi. Ekseli hupanda na kushuka kila gurudumu likipita kwenye shimo, kwa hiyo mkanda uliofungwa hapo hukazwa na kulegezwa njia nzima. Naanza na omo, kwa sababu ndiko upepo unakoingilia, na nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, inakuwa mara nne. Hapo mbele sikubali nafasi ya hata kidole kimoja kupenya.

Jambo dogo lililonifurahisha kuliko yote: nausokota kila mkanda nusu mzunguko kabla ya kuuvuta. Ukiwa bapa kabisa, upepo huutetemesha na unavuma kama uzi wa zeze, na mtetemo huo huo ndio unaokula utepe na mishono. Ukisokotwa, unatulia kimya. Mkia unaobaki naufunga fundo, usijipige kwenye rangi wala kuifikia tairi. Baada ya kilomita kumi hivi nasimama na kupitisha mkono kwenye kila mmoja; mara nyingi mmoja au miwili inahitaji kuvutwa tena.

Kasoro ipo. Bizimu ni chuma kitupu, na ikigusa ubavu inakwaruza. Nimekata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli nikavivisha chini ya kila bizimu, na tangu hapo sijaona mkwaruzo mpya. Pia chumvi na mchanga huingia kwenye meno, springi ya bizimu ikawa ngumu kubonyea. Ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila safari inatosha kuilainisha.