Wakala wa Safari za Nyerere Kutoka Dar: Ratiba Nzuri, Ankara Yenye Mashimo

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuona wanyama bila kugharimia safari ya kaskazini ana hifadhi tatu zinazofikika kwa gari: Saadani, Mikumi na Nyerere. Tathmini hii inahusu wakala mwenye ofisi katikati ya jiji aliyeipangia familia yetu safari ya Nyerere kupitia lango la Mtemere. Jina lake silitaji, kwa kuwa dai letu la fedha bado liko mezani kwake, na kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanaweza kutumika kumpima wakala yeyote wa aina hiyo.

Kilichotufanya tumchague ni kwamba dada aliyetuhudumia hakuanza na picha za simba. Alichana karatasi ya daftari la hesabu, akachora mstari kutoka Mbagala hadi Mloka, kijiji kilicho nje ya lango la Mtemere, kisha akaandika saa juu ya kila kituo: kuvuka Kongowe kabla ya saa 11 alfajiri ili foleni isitukute, kupita Mkuranga, kunywa chai Kibiti, halafu kuacha lami na kuingia barabara ya vumbi inayopitia Mkongo. Mama mkwe wangu alipouliza kwa nini tusiende na kurudi siku hiyo hiyo, kama watu wanavyofanya Mikumi, alijibiwa kwa heshima lakini bila kuzungushwa: "Mama, nikikuuzia siku moja nitakuwa nimekuuzia barabara."

Alikuwa na hoja. Mikumi inakatwa katikati na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, hivyo msafiri huanza kuona swala na nyani kabla hajalipa hata senti. Nyerere ni habari nyingine: kutoka jijini hadi Mtemere ni zaidi ya kilomita 200, na kipande cha mwisho, ambacho kwenye ramani kinaonekana kifupi, ndicho kinachokula muda kuliko chote kilichotangulia. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na shughuli za kuzunguka hifadhini hukoma saa 12 jioni. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, na ni cha kuingia mara moja. Ukitoka nje kwenda kulala Mloka, umekifunga mwenyewe. Kwa hiyo anayelala ndani anaweza kuingia saa sita mchana, akazunguka jioni, akazunguka tena alfajiri, na kutoka kabla ya saa sita ya siku ya pili kwa malipo ya siku moja, ilhali anayelala nje hana budi kuipanga siku yake nzima ndani ya mlango mmoja. Malazi ya nje ya lango ni nafuu zaidi, nasi tuliyachagua hayo. Wakala akapanga siku ya kufika iwe ya mapumziko na boti mtoni, kisha siku iliyofuata tuwe langoni linapofunguliwa na tusitoke hadi jioni. Ratiba hiyo ilitimia karibu neno kwa neno, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyomlipia.

Kwa wenye uwezo, alituandikia pia gharama ya ndege ndogo zinazoruka kutoka jengo la kwanza la uwanja wa Julius Nyerere na kutua ndani ya hifadhi kwa chini ya saa moja. Tuliiangalia, tukairudisha mezani.

Kuhusu majira alikuwa mkali. Sisi tulitaka Pasaka, watoto wakiwa likizo. Akakataa kupokea amana. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika hugeuza njia za Nyerere kuwa tope, kambi nyingi hufungwa, na majani yakisharefuka hata tembo anaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye gari usimwone. Akatusogeza hadi kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wakati vidimbwi vya porini vimekauka na wanyama wanalazimika kushuka kwenye Mto Rufiji na maziwa yaliyo kandokando yake. Wakala anayekataa fedha mkononi ni adimu katika mji huu, kwa hiyo naliandika.

Hakutuahidi pia yasiyokuwepo. Nyerere ilimegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, ikapewa eneo la kilomita za mraba 30,893 na kuwekwa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Selous yenyewe iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1982, na mwaka 2014 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya ujangili wa tembo. Dada yule aliyasema hayo waziwazi kabla ya kuandika risiti: tembo mtawaona, alisema, lakini msitegemee makundi ya kufunga barabara. Aliongeza kwamba twiga wangekuwa wengi upande wetu, kwa kuwa twiga wa hifadhi hii wanaishi kaskazini mwa Rufiji na hawavuki kwenda kusini. Ilikuwa kweli; twiga tuliwaona mpaka watoto wakaacha kuwaonyeshana.

Dereva aliyepewa kazi alikuwa bora kuliko gari lake. Land Cruiser lilikuwa zima kwa injini, paa likafunguka vizuri, ila kioo cha nyuma kushoto kiligoma kushuka, na aliyekaa pale alipiga picha za vumbi. Dereva, kwa upande wake, alijua kutulia. Karibu na Ziwa Manze aliona masikio ya mviringo yakijitokeza kwenye kivuli cha kichaka, akazima injini, akatuomba tunyamaze, na baada ya subira ndefu mbwa mwitu mmoja akainuka, kisha mwingine, hadi kundi zima likawa linajinyoosha mbele yetu. Nyerere na Selous ni miongoni mwa ngome kuu za mnyama huyu Afrika nzima, na mtu anayesafiri kwa pupa ya simba atampita bila kujua. Kwa mbung'o nao alikuwa na dawa yake: kopo lenye kinyesi kikavu cha tembo kinachofuka moshi, lililoning'inizwa nyuma ya gari. Ofisi ilikuwa imetuonya kwa maandishi tusivae bluu wala nyeusi, rangi zinazowavuta wadudu hao. Mpwa wangu alikuja na jinzi yake ya bluu na akalipa kwa mapaja yote mawili.

Dereva alijitolea kutufikisha Beho Beho, kwenye kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa huko Januari 1917 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na ambaye pori lilichukua jina lake. Tulikataa kwa sababu ya umbali, nami sijutii. Ziwa Tagalala lilikuwa na viboko wengi wa kutosha kujaza mchana.

Sasa nifike kwenye ankara. Upande wa nyaraka kazi ilifanywa vizuri: nakala za vitambulisho vya taifa zilikusanywa mapema, pamoja na pasipoti ya shemeji yetu wa Mombasa, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki hulipa ada kwa shilingi akionyesha uthibitisho, na asipokuwa nao hutozwa kama mgeni, kwa dola. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni, na wakala alikuwa ameyakamilisha mapema kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo tulipita bila kusubiri.

Tatizo ni kwamba makadirio tuliyoyasaini yalikuwa na mstari mmoja tu wa bei, "gharama zote", bila mchanganuo. Ofisini tuliuliza kuhusu boti, tukajibiwa kwamba boti imo. Mtoni, maboya ya kuokolea maisha yakiwa tayari vifuani mwetu, nahodha alitueleza kwamba iliyolipiwa ni boti, si ada yake, na kwamba bei ya ofisi haikugusa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kwa huduma hiyo. Simu ofisini haikupokelewa. Tukalipa kwa simu pale pale ili watoto wasikose mamba waliokuja kuwaona, nao waliwaona kwa wingi, wamelala midomo wazi kwenye kingo za mchanga. Chakula cha mchana cha ndani ya boksi nacho kiliandikwa kuwa cha watu wote, kikafika pungufu, tukagawana kuku.

Tuliporudi tulipeleka malalamiko kwa barua pamoja na risiti. Wakala alikiri upungufu wa chakula na kurudisha fedha hiyo mara moja. Kuhusu boti anasema kosa ni la wenye kambi, jambo ambalo mteja hana namna ya kulithibitisha, kwa kuwa mkataba wake ni na wakala na si na kambi.

Pamoja na hayo, kwa upangaji wa njia, saa na majira sijaona Dar mwenye mkono mzuri kuliko wao, na mtu akiniuliza nitamwelekeza huko, nikimsisitizia adai kwanza karatasi inayotenganisha ada ya watu, ada ya gari, malazi, chakula, boti, askari wa hifadhi kama atatembea kwa miguu, na kodi. Ndugu zetu wa Tabata wanataka kwenda Agosti. Wakala ameomba nusu ya malipo iwe amana, na tumemjibu kwamba itatumwa siku atakapoleta ankara yenye vipengele.