Mbegu za asparagasi ya mapambo, kitalu cha njia ya Tengeru

Wadau wa maua, hizi mbegu za asparagasi wanazouza kwenye kitalu kimoja pale njia ya Tengeru, Arusha, ni nzuri, nunueni tu, ila someni hapa kwanza kabla hamjaanza kulalamika kwamba mmeuziwa mbegu zilizokufa.

Nilichowapendea hawauzi mbegu iliyolala dukani mpaka ikachoka. Wana mmea mama wa aina ya Sprengeri, ule wa matawi yanayomwagika nje ya chungu, umejaa vitunda vyekundu pyu, yule dada wa pale anachuma vilivyoiva, anavipasua mbele yako, anaosha ule utelezi wote na unabaki na mbegu nyeusi tii, ngumu, saizi ya punje ya pilipili manga. Hapo ndo penyewe, maana mbegu ya asparagasi ikikaa sana inapungua nguvu ya kuota.

Shida yao ni maelezo. Unapewa kibahasha hakina hata mstari mmoja wa maelekezo, sasa mtu aliyezoea mchicha si atamwaga trei wiki ya pili? Hii kitu inachukua wiki tatu mpaka sita kuota, na baridi ya Juni na Julai huku Arusha inaweza kuzidi hapo. Mimi nazilowekaga kwenye maji ya uvuguvugu kama saa 24 hivi, nazifukia kidogo tu kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyochanganywa na mchanga, trei naifunika kwa sababu zinapenda giza na joto la nyuzi 20 hadi 25, udongo uwe na unyevu ila usitote. Kinachotoka kwanza sio jani, ni kijiti chembamba cha kijani kimesimama wima, baadae ndo juu kinaanza kufunguka vitawi, yani inafurahisha sana kukiona! Ukishakiona ondoa kifuniko, weka kwenye kivuli chenye mwanga, jua la saa saba litaigeuza njano.

Halafu mkifika tajeni aina, pale wote wanaitwa asparagasi tu. Kuna ule mwingine laini, setaceus, wa kuwekwa kwenye mashada ya harusi pamoja na rozi, unaota hata mwituni huku kwetu. Angalia tunda lililoiva, la Sprengeri ni jekundu, la setaceus linaenda kwenye weusi.

Wangesema pia kwamba huu mmea una miiba midogo imejificha kwenye matawi na vile vitunda haviliwi, mtoto au mbwa akila tumbo litamsumbua. Hilo mteja mwenye watoto alitakiwa kuambiwa palepale.

Bei ni rahisi kuliko mche uliokua, huduma safi, nawapa nyota nne. Kama una shughuli mwezi ujao chukua miche mikubwa, wanayo pia, mbegu ni za mtu anayeweza kusubiri mwaka au zaidi mpaka chungu kijae.