Matairi na Rimu Mpya za Trekta la Bustani: Lipi la Kununua na Lipi la Kuacha Dukani

Watazamaji wapenzi, karibuni. Mezani hapa nimeweka matairi matatu ya nyuma na rimu mbili, na vyote vimekusudiwa trekta moja tu, John Deere 318, lililotengenezwa kati ya mwaka 1983 na 1992. Huku Marekani trekta hili la bustani bado linafanya kazi katika nyumba nyingi zenye maeneo makubwa, kwa sababu chuma chake ni kizito na linaweza kufungwa mashine ya kukatia nyasi, plau au bapa la kusukumia theluji. Nimelichagua kwa makusudi. Vipimo vya matairi yake, yaani 23x10.50-12 nyuma na 16x6.50-8 mbele, vinatumiwa pia na matrekta mengine mengi ya daraja lake, kwa hiyo hata mwenye trekta la kampuni nyingine anaweza kufuatana nami, mradi asome kwanza maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi lake mwenyewe.

Tuanze na maandishi hayo. Namba ya kwanza ni kimo cha tairi likiwa limejaa upepo, ya pili ni upana wake, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. Kistari kilicho kabla ya 12 kinaeleza kwamba nyuzi za ndani zimepishana mshazari; tairi la radiali lingeandikwa herufi R mahali hapo. Ukikuta tairi lililoandikwa 6.00-12, kama yale ambayo wakulima wa mpunga wanayajua kwenye pawatila zao, huo ni mtindo wa zamani unaotaja upana na rimu bila kusema lolote juu ya kimo. Usilinunue kwa kuona tu kwamba 12 ya mwisho inafanana na yako.

Kuna pia namba ya plai, yaani 2, 4 au 6. Siku hizi namba hiyo haihesabu tabaka halisi za nyuzi, bali inapima nguvu ya tairi kubeba mzigo. Kwa trekta linalokata nyasi peke yake, plai 2 zinatosha. Kwa 318 lenye plau au bapa la theluji mimi nisingeshuka chini ya plai 4, kwa sababu tofauti ya bei si kubwa na ubavu mgumu zaidi hauyumbi unapokata kona kwenye mteremko.

Sasa tutazame tairi la kwanza, lile lenye vipande vifupi bapa vilivyopangwa karibu karibu. Hili ni la nyasi, na alama yake ya kiwanda ni R-3. Watu wengi hulidharau kwa sababu halina sura ya trekta. Hata hivyo, kazi yake ni kutandaza uzito wa mashine juu ya eneo pana ili mizizi isikandamizwe, na kugeuka bila kuchuna ardhi. Kama zaidi ya nusu ya saa zako za kazi zinapita juu ya nyasi, iwe ni uwanja wa nyumbani, wa shule au wa hoteli, nunua hili na usijisumbue na mengine. Lina faida nyingine ambayo wanaoishi kwenye baridi huchelewa kuifahamu: juu ya theluji iliyoshindiliwa, vipande vyake vingi vidogo hushika vizuri kuliko meno makubwa ya tairi la shamba, na ukilivisha minyororo, trekta hupanda njia ya gari iliyoganda bila kuserereka.

Udhaifu wake ni matope. Nafasi kati ya vipande hivyo hujaa udongo mara moja, na tairi likishajaa huwa kipara hata kama ni jipya.

Tairi la pili ndilo linalovutia macho, nalo ni R-1, lenye meno marefu yaliyokaa kama herufi V. Naomba mlitazame vizuri, kwa maana halina ukubwa uleule wa la kwanza. Hili ni 23x8.50-12: kimo ni kilekile, lakini ni jembamba kwa inchi mbili. Wembamba huo una maana kubwa kwa mtu anayelima kwa plau. Trekta linapolima, gurudumu la upande mmoja hupita ndani ya mfuo uliochimbwa katika mzunguko uliotangulia. Kwa plau ya inchi 10, ambayo ni ya kawaida kwa matrekta ya kimo hiki, tairi la inchi 10.50 halitoshei ndani ya mfuo huo. Litapanda ukuta wake au kukanyaga udongo uliokwisha kupinduliwa, trekta litainama vibaya, na kina cha kulima hakitakuwa sawasawa. La inchi 8.50 huingia, hutua chini penye ardhi ngumu, na hapo ndipo meno yake yanapofanya kazi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba tairi pana daima lina nguvu zaidi. Kwenye nyasi na mchanga upana ni msaada. Ndani ya mfuo ni kikwazo.

Mkilifunga, tazameni mshale ulio ubavuni. Kama umefutika, simama nyuma ya trekta: ncha ya V lazima ielekee juu, ili inapofika chini ncha hiyo itangulie kugusa ardhi na udongo usukumwe kwenda pembeni. Likifungwa kinyume litaendelea kutembea, lakini halitajisafisha matope na mvuto utapungua sana. Na tafadhali, msikate nyasi kwa tairi hili. Kona moja ya haraka juu ya ardhi yenye unyevu inatosha kuacha alama itakayoonekana msimu mzima.

Kati ya haya mawili kuna aina ya R-4, ambayo sikuileta. Ni tairi zito la kazi za ujenzi, na meno yake ni mafupi na mapana. Linamfaa mwenye trekta lenye koleo la kupakilia mbele, kwa sababu halichakai upesi juu ya changarawe na ubavu wake ni imara. Kwenye 318 lisilo na koleo sioni sababu ya kulilipia.

Tairi la tatu ni 26x12.00-12, na nimelileta ili nieleze kwa nini lirudi dukani. Rimu ni ileile ya inchi 12, kwa hiyo muuzaji atakuambia kwamba linaingia, naye hatakuwa amedanganya. Lakini kimo kimeongezeka kutoka 23 hadi 26, yaani asilimia 13. Kila mzunguko wa ekseli sasa unalisukuma trekta umbali mrefu zaidi kwa asilimia hizo, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Trekta hili linaendeshwa kwa pampu na mota ya mafuta ya haidroliki yenye msukumo mkubwa, si kwa gia za kawaida pekee; ukilima kwa tairi refu unaulazimisha mfumo huo ufanye kazi kwa msukumo wa juu zaidi kwa kazi ileile, na mafuta yake yanapata joto. Pamoja na hayo, ekseli ya nyuma inapanda inchi moja na nusu wakati ya mbele imebaki chini, kwa hiyo mashine ya kukatia nyasi iliyoning'inia chini ya tumbo la trekta inainamia mbele na inabidi irekebishwe upya, ikiwa nafasi ya marekebisho bado ipo. Halafu pima umbali kati ya tairi na madigadi. Mara nyingi hautoshi kuvaa minyororo.

Kwa mwenye trekta dogo linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, onyo hili ni kali zaidi. Mzunguko wa matairi ya mbele na wa nyuma umelinganishwa na gia zilizo ndani, na ukibadilisha kimo cha upande mmoja tu, matairi na gia vitakuwa vinashindana kila unapotembea juu ya ardhi ngumu.

Tugeukie rimu, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili fedha kabla ya tairi. Rimu hii ya kwanza ni ya zamani, na imelika kutu mahali ukingo wa tairi unapokaa. Tairi jipya la bila tyubu likiwekwa hapa litapoteza upepo kila wiki, na mwenye trekta atalilaumu tairi. Kutu nyepesi husafishwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi, na ukingo ukapakwa gundi ya kuzuia upepo. Kutu iliyokwisha kula vishimo au kutoboa haina dawa. Chanzo chake mara nyingi ni maji yenye chumvi ya kalsiamu kloraidi, ambayo watu hujaza ndani ya matairi ili kuongeza uzito na kuzuia maji yasigande. Kilo unazipata, lakini vali ikivuja kidogo rimu inaanza kuliwa. Mimi ningependelea vyuma vya uzito vinavyofungwa kwa bolti nje ya rimu. Huvitoa unapokata nyasi, na huvirudisha unapolima.

Rimu hii ya pili ni mpya, na kabla ya kuinunua kuna vipimo ambavyo havina budi kuhakikishwa. Upana wa ndani unatakiwa kuwa kama inchi 8.50 kwa tairi la 23x10.50-12, na kama inchi 7 kwa lile la 8.50. Idadi ya matundu ni matano, na katika matrekta mengi ya bustani yamepangwa juu ya duara la inchi 4.5, yaani milimeta 114.3. Duara la matundu matano ni gumu kulipima moja kwa moja kwa kuwa hakuna tundu linalotazamana na jingine. Basi pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, kisha uzidishe kwa 1.7. Ukipata karibu milimeta 67 kati ya majirani, duara lako ni hilo la 114.3. Duara hilohilo linatumika kwenye magari madogo na trela nyingi, na ndiyo sababu watu hujaribu rimu za gari. Tahadhari na tundu la katikati linaloingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na pia umbo la nati, kwa kuwa nati ya koni haikai sawasawa kwenye tundu lililotengenezewa bolti ya uso bapa. Kisha angalia uso wa kufungia umekaa ndani au nje kiasi gani, kwa sababu sentimeta chache tu zinaweza kulipeleka tairi likagusa vyuma vinavyoshikilia mashine ya nyasi.

Magurudumu ya mbele hayana bolti. Yanaingia kwenye spindo, yaani chuma cha mviringo kinachobeba gurudumu, yakizunguka juu ya bushi au beringi, kwa hiyo kipimo muhimu ni unene wa spindo, na bushi iliyolegea ibadilishwe siku hiyohiyo. Kwa nyasi, tairi la mbele liwe laini. Kwa kulima, lile lenye mistari mitatu iliyoinuka huliongoza trekta vizuri zaidi kwenye udongo uliotifuliwa.

Uamuzi wangu kwa 318 ni seti mbili za nyuma, kila moja juu ya rimu zake: R-3 ya 23x10.50-12 kwa nyasi na theluji, na R-1 ya 23x8.50-12 kwa plau. Asiyelima anunue seti ya kwanza peke yake, na fedha iliyobaki aitumie kwa rimu zisizo na kutu.

Unapojaza upepo ili ukingo ukae kwenye rimu, upake maji ya sabuni, usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni, na usisimame juu ya tairi. Wanaopulizia petroli au dawa inayowaka na kuiwasha ili tairi liruke mahali pake wanacheza na mlipuko. Mkanda wa kubana kuzunguka katikati ya tairi hufanya kazi hiyo bila moto. Baada ya hapo fuata kitabu cha trekta, ambacho kwa mashine za aina hii mara nyingi hutaka psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 8 hadi 12 nyuma. Geji ya gari haisomi vizuri chini kiasi hicho, kwa hiyo tafuta ya upepo mdogo, kwani tairi moja likizidi jenzake kwa psi chache trekta linaegemea upande na nyasi zinakatwa mshazari. Bolti au nati zikazwe kwa zamu za msalaba, na zikazwe tena baada ya saa chache za kwanza za kazi, kwa sababu rangi mpya ya rimu hujibana na kuziacha zikiwa zimelegea.