Diski ya Bloku au Hifadhi ya Pamoja: Ununue Ipi kwa Kazi ya Kuandika Programu?

Kabla ya kushika jedwali la bei, jibu swali moja: ni seva ngapi zitaandika kwenye hifadhi hiyo kwa wakati mmoja? Kama ni moja, uamuzi karibu umeshafanyika: diski ya bloku.

1. Diski ya bloku

Hii naiweka mbele kabisa. Unapewa diski tupu, unaiforomati mwenyewe kwa ext4 au XFS (mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski), na seva yako inaitumia peke yake. Ndiyo maana inayamudu mafaili madogo: kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haina haja ya kumuuliza mtu kama faili limebadilika, kumbukumbu zake inaziamini. Hifadhidata kama PostgreSQL nayo iweke hapa.

Kwenye seva za kukodi za Amazon, diski ya bloku ya aina ya gp3 huanza na IOPS 3,000 (mara za kusoma au kuandika kwa sekunde) na mebibaiti 125 kwa sekunde hata ukichukua diski ndogo. Ile gp2 ya zamani ilifunga kasi na ukubwa, watu wakanunua nafasi wasiyoihitaji.

Ubaya wake ni kwamba unalipia ukubwa ulioagiza, hata kama robo tatu ni tupu. Kuongeza ni rahisi, kupunguza hakuna, kwa hiyo anza na ndogo. Ukishaongeza, endesha amri ya resize2fs kwa ext4 au xfs_growfs kwa XFS. Usipofanya hivyo, df (amri ya kuangalia nafasi ya diski) itaendelea kuonyesha ukubwa wa jana huku bili ikisoma wa leo.

2. NVMe iliyomo ndani ya seva

Diski hii iliyounganishwa moja kwa moja na seva ina kasi kuliko zote hapa, ila ukiisimamisha seva ya kukodi, kwa kawaida data inapotea. Ni ya kashe (nakala za muda) na kukompaili tu.

3. Hifadhi ya pamoja kupitia NFS

NFS (njia ya kushiriki mafaili kupitia mtandao) ni ya Sun Microsystems, ya mwaka 1984, na bado inafanya kazi yake vizuri: seva nyingi, folda moja. Kosa ni kuifanya makazi ya msimbo.

Timu moja niliyokuwamo ilifanya hivyo. Unaandika git status (amri ya Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), unaweka mikono kidevuni. Git hukagua kila faili inalofuatilia, na ukaguzi mmoja unaweza kuwa safari ya kwenda na kurudi mtandaoni. Mafaili 50,000, milisekunde 1 kila moja, moja baada ya jingine: sekunde 50. Hapo node_modules, folda ya maktaba za JavaScript, hujaigusa. Halafu ukihariri faili kwenye seva moja, programu inayotegemea inotify (arifa za Linux za faili kubadilika) kwenye seva nyingine haisikii kitu.

Tulirudisha msimbo kwenye diski za bloku, kila mtu na yake, tukaiachia NFS picha na nyaraka zinazopakiwa na watumiaji. Mmoja wetu alipendekeza tuunganishe diski moja ya ext4 kwenye seva mbili, tuokoe pesa. Usithubutu: kila kerneli itaandika ikidhani iko peke yake, na utabaki na fsck (amri ya kukarabati mfumo wa mafaili) na nakala rudufu, kama unayo.