Ruzuku za kuwapokea wanaotoka gerezani: nzuri, ila zinachelewa

Ruzuku hizi hulipia vizuri mafunzo ya ufundi, lakini nyingi husahau siku 3 za kwanza, na hapo ndipo mtu huteleza. Anatoka langoni na mfuko wa nailoni mkononi, hana nauli, kitambulisho kimeisha muda. Bila kitambulisho hapati laini ya simu, akaunti wala kazi, na mlango pekee ulio wazi ni wa wenzake wa zamani. Fomu zina safu za vifaa, mishahara na semina. Fedha za siku ya kwanza hazina pa kuandikwa. Mnaoomba, andikeni wazi “gharama za mapokezi”: nauli, ada ya kitambulisho, malazi ya wiki 2, viatu vya kazi.

Kipimo cha mafanikio nacho ni dhaifu. Kuhesabu waliohudhuria hakusemi kitu. Hesabuni walio kazini baada ya miezi 6.

Kwa vijana, ziara za kuwapeleka gerezani ili waogope uhalifu zisipewe hata senti. Tafiti zimeonyesha zinaongeza uhalifu. Heri kumlipa mlezi anayekutana na kijana yuleyule kila wiki, mwaka mzima.